Pasi ya mwaka ya hifadhi za Marekani katika mzunguko wa Utah na Arizona: inalipa wapi, inagoma wapi

Anayetua Las Vegas na kukodi gari kwa siku kumi ili azunguke jangwa la Utah na Arizona taratibu, hukutana na swali la pesa kwenye lango la kwanza kabisa, pale Zion: alipie hifadhi moja moja, au achukue pasi ya mwaka ya maeneo ya serikali kuu ya Marekani, iitwayo America the Beautiful? Jibu letu ni achukue pasi, ila ajue mapema kwamba sehemu kadhaa zilizo kwenye picha zilizomvuta hazifunguki kwa pasi hiyo.

Tuanze na hesabu. Hifadhi za Tanzania hulipiwa kwa kichwa, na saa 24 zikiisha unalipa upya. Hizi za Marekani hutoza gari zima na stakabadhi hudumu siku saba. Zion ni dola 35, Bryce Canyon 35, Capitol Reef 20, Arches 30, Canyonlands 30, Grand Canyon 35. Jumla dola 185. Mkazi wa Marekani hununua pasi kwa dola 80 na abiria wote wa gari lake binafsi huingia nayo, kwa hiyo Mswahili wa Phoenix au Salt Lake City mwenye kitambulisho cha huko hana cha kujadili.

Kwa anayetoka Arusha au Nairobi mambo yalibadilika Januari 2026. Sasa kuna bei ya mkazi na bei ya mgeni, utaratibu tunaoujua vizuri kutoka mageti ya kwetu. Pasi ya mgeni ni dola 250. Ni pesa nyingi, lakini kukosa pasi kunauma zaidi: mgeni wa miaka 16 na kuendelea huongezewa dola 100 juu ya kiingilio katika hifadhi 11 zinazojaa watu, na kwenye mzunguko huu zimo Zion, Bryce na Grand Canyon. Mtu mmoja akiingia Zion na Bryce tu, ameshatoa 270. Ambaye mfuko haumruhusu abaki upande wa mashariki, Capitol Reef, Arches na Canyonlands, kwa dola 80 bila pasi yoyote. Hajapunjika, barabara za upande huo ndizo tulivu zaidi.

Pasi huisha siku ya mwisho ya mwezi ulioinunua, mwaka unaofuata. Ukiinunua tarehe 1 Mei, unayo mpaka 31 Mei ya mwaka ujao, karibu miezi 13. Ikipotea hairudishwi wala hailipwi. Ile ya kidijitali hununuliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, ihifadhi kwenye simu ukiwa bado hotelini, maana malango mengi hayana mtandao wa kuaminika, na mengi hayapokei tena fedha taslimu. Kitambulisho chenye picha lazima kiwe mkononi pamoja na pasi.

Uzuri wake hasa hauko kwenye hifadhi kubwa, kwa sababu huko ungelipa na kuingia hata hivyo. Uko kwenye vituo vidogo vya njiani. Natural Bridges, kwa mfano, ina barabara ya mzunguko ya kilomita 14 na madaraja matatu ya mawe. Kwa dola 20 ya saa moja wengi huipita. Mwenye pasi hukata kona akaingia. Safari ya kutembea pole inajengwa na vituo vya namna hiyo, na hapo ndipo pasi inapostahili sifa.

Kipande cha kutumia siku nzima ni barabara namba 12 ya Utah, kilomita 200 kutoka karibu na Panguitch hadi Torrey. Ramani itakuambia saa tatu. Ipe saa nane. Kati ya Escalante na Boulder kuna mgongo uitwao Hogback, lami nyembamba yenye bonde kulia na kushoto, sehemu kubwa bila kingo za chuma. Mbele yake unapanda mlima Boulder hadi mita 2,900 hivi. Kwenye mteremko weka gia ya chini na uiache injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinalegea. Chakula na vinywaji beba tangu Escalante. Huko Capitol Reef, mwishoni, kuna bustani za matunda zilizopandwa na walowezi wa Kimormoni pale Fruita, na msimu ukifika wageni huruhusiwa kuchuma.

Zion inataka kuamka mapema. Kuanzia majira ya kuchipua hadi Novemba magari binafsi hayaingii barabara kuu ya korongo. Unaegesha na kupanda basi la bure. Maegesho hujaa asubuhi na mapema, na hakuna pasi itakayokutengenezea nafasi. Kupanda Angels Landing ni kibali cha bahati nasibu, hulipiwa kando.

Sasa upande inakogoma. Monument Valley ni mbuga ya Wanavajo wenyewe, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani: dola 8 kwa mtu kwa siku, na barabara yake ya maili 17 ni ya vumbi yenye mashimo. Mikataba mingi ya kukodi gari hukataza barabara zisizo na lami, hivyo panda gari la mwongozaji wa kienyeji. Antelope Canyon, korongo jembamba lililo karibu na mji wa Page, huingii bila mwongozaji wa Kinavajo. Maegesho ya Horseshoe Bend ni ya mji huo wa Page, dola 10. Dead Horse Point, karibu na Moab, ni ya jimbo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotambua pasi yako. Pombe imepigwa marufuku katika ardhi ya Wanavajo, basi usiwe nayo ndani ya gari.

Saa nazo huvuruga ratiba. Majira ya joto Arizona haisogezi saa mbele, Utah na Wanavajo husogeza kwa saa moja. Anayetoka Page kwenda Monument Valley hupoteza saa nzima, na simu iliyonasa mnara wa upande wa pili humdanganya. Unapokata tiketi ya Antelope Canyon pale Page, andika "saa za Arizona" pembeni.

Kabla ya kutoa gari kwenye yadi fungua buti. Magari madogo mengi hayana tairi la spea, yana kopo la gundi na pampu tu, na gundi haizibi ubavu wa tairi uliochanika. Upepo wa tairi upime asubuhi kabla ya kuendesha. Ukipima mchana tairi likiwa la moto na kupunguza, kesho litakuwa limelegea. Petroli jaza kila tangi likifika nusu: jaza Torrey, jaza tena Hanksville kabla ya kuelekea Moab. Maji ni lita nne kwa mtu kwa siku. Ramani zipakue zote mapema. Na anayetoka nchi za kushika kushoto achukue gari la otomatiki, siku ya kwanza aendeshe mchana tu. Usiku ng'ombe na farasi husimama katikati ya lami kwenye ardhi ya Wanavajo.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, na katikati ya Septemba hadi Oktoba, ingawa Bryce iko zaidi ya mita 2,400 na Mei usiku bado inadai koti zito. Julai hadi mwanzo wa Septemba mvua za radi huleta mafuriko ya ghafla. Agosti 1997 watalii 11 walikufa Antelope Canyon kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na hapo. Ofisi ya wageni ya kila hifadhi hubandika utabiri wa siku. Usome huo kabla ya kuingia korongo lolote jembamba, hata anga likiwa la bluu juu ya kichwa chako.