Boti ya usiku ya Mto Zhujiang, Guangzhou: panda mapema, kaa juu, upande wa kulia

Nauza mapazia na mashuka Kariakoo. Guangzhou nimekwenda mara saba tangu 2017, na katika safari tano za kwanza ungeniuliza mji ule ukoje usiku ningekujibu hivi: una ngazi za hoteli ya Xiaobei, mtaa tunakofikia Waafrika wengi, una harufu ya mishikaki, una vijana wa mawakala wanaoviringisha selotepu kwenye marobota mpaka saa sita. Basi. Asubuhi sokoni, jioni godauni, usiku kupiga hesabu kitandani na kuangalia kama CBM, yaani mita za ujazo za mzigo, zinatosha kontena. Wengi tunaofuata mzigo kule tunaishi hivyo hivyo, mtu anarudi Dar mara kumi na hajawahi kuuona mto wenyewe, na ninaandika kwa ajili yao kwanza. Ndugu zangu, tengeni jioni moja. Ila itengeni vizuri, kwa sababu boti hii nimeipanda mara mbili, mara ya kwanza nikajuta, mara ya pili nikatamani mama yangu angekuwepo.

Nianze na ile ya majuto. Ilikuwa Aprili, msimu wa Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya Guangzhou yanayofanyika kila mwaka masika na vuli tangu 1957. Mji umejaa, hoteli zimepanda bei, mvua haikatiki. Nje ya gati moja, ambalo sitalitaja, kijana alinifuata na karatasi ya plastiki yenye picha ya boti kubwa ya ghorofa tatu inayowaka taa kote. Yuan 180, hakuna foleni, twende. Nikalipa. Akanipeleka kwenye boti ndogo iliyofunikwa vioo pande zote, tukabanana humo, na pumzi za watu na ile mvua vikafanya vioo vyote viwe na ukungu. Kila picha niliyopiga usiku ule ina uso wangu mwenyewe ndani ya kioo, na nyuma ya uso kuna doa la rangi ambalo ndilo Mnara wa Canton, ule mrefu wa ukingoni ambao kila mtu hupanda boti kuuona. Juu ya hayo tuliondoka saa tatu na nusu. Boti ilipogeuza kurudi, taa za majengo ya ng'ambo zikaanza kuzimwa, jengo moja baada ya jingine, kama maduka yanavyofungwa. Nilirudi hotelini nikiiwazia ile yuan 180, kwamba ingenunua mita ngapi za kitambaa.

Aliyenirudisha ni shoga yangu tunayechangia naye kontena. Nilipomsimulia aliniambia, "Wewe ulipanda vioo, hukupanda mto." Novemba iliyofuata, kontena limekwisha kufungwa na tumebakiza siku moja na nusu kabla ya ndege, akanishika mkono tukaenda.

Tulikula kwanza Xiaobei, na nashauri nanyi mfanye hivyo, hasa Waislamu. Tafuteni maandishi ya kijani ya *qingzhen* juu ya mlango. Hiyo ndiyo halali ya kule. Migahawa hiyo ni ya Waislamu wa kaskazini-magharibi ya China. Kijana anavuta donge la unga kwa mikono miwili, analikunja, analivuta tena, analipigisha mezani, na kabla hujamaliza kunawa limeshakuwa tambi nyembamba ndani ya bakuli la supu ya ng'ombe. Mishikaki ya kondoo wanaipaka binzari nyembamba na pilipili ya unga kwa wingi. Tulikula mimi na yeye tukashiba vizuri kwa chini ya yuan 60. Kwenye boti kuna chakula, nitakisema, lakini usikitegemee.

Kufika gatini ni rahisi kuliko nilivyodhani. Gati linaitwa Dashatou. Kutoka Xiaobei unachukua metro laini ya 5, unapita Taojin, unashuka Ouzhuang, unabadilisha laini ya 6, unapita Dongshankou, unashuka Donghu, halafu unatembea kuelekea mtoni. Nauli haifiki yuan 5. Ukipenda teksi ya DiDi, ile ya kuita kwa simu, sawa, ila jioni zile za saa kumi na mbili barabara za Guangzhou zinakwama kama Morogoro Road, na boti haimsubiri mtu.

Tiketi tulikata dirishani, si kwa mtu wa nje. Hapa ndipo pa kusimama imara, dada zangu: wanaokufuata na picha njiani waambie hapana, nenda mpaka kwenye dirisha lenye orodha ya saa na bei, toa pasipoti yako maana wanaweza kuihitaji, chagua mwenyewe. Orodha ina boti nyingi na kila boti ina bei tofauti kwa ghorofa ya chini, ya kati na ya juu. Binti wa dirishani hakujua Kiingereza, sisi Kichina chetu ni cha "bei gani" na "punguza", lakini alitoa simu, akaandika, ikatafsiri, tukaelewana. Tulichagua ya saa moja na nusu usiku, sitaha ya juu ya wazi, yuan 128 kila mtu. Kwa hesabu ya siku ile ni kama shilingi 46,000.

Kulipa ni kwa simu. Kadi yangu ya Visa ya benki nimeiunganisha na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia, tangu nikiwa nyumbani, na fanyeni hivyo kabla ya kuondoka kwa sababu uthibitisho wa pasipoti unachukua muda. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje hayakatwi tozo. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Kwa hiyo tulilipa kila mtu tiketi yake badala ya mmoja kulipa zote mbili. Jambo dogo, lakini mfanyabiashara anajua.

Sasa boti yenyewe. Ni safari ya saa moja na dakika kidogo. Tulipanda juu haraka, na shoga yangu akanisukuma upande wa kulia. Nilidhani ni ubishi tu, kumbe ana hesabu yake. Boti inaelekea mashariki kwanza, na mnara uko ukingo wa kusini, yaani kulia. Ikigeuza kurudi, kulia kwako kunakuwa kaskazini, na huko ndiko kuna majengo marefu ya Zhujiang Xincheng, mtaa mpya wa maofisi. Waliokaa kushoto walisimama, wakahama, wakasukumana safari nzima. Sisi hatukunyanyuka.

Upepo wa Novemba mtoni una baridi. Nilijitanda kanga mbili. Tulipita chini ya daraja la Haiyin lenye kamba zake za chuma zilizotandazwa kama nyuzi za kinanda, kisha kushoto kukawa na kisiwa cha Ersha, miti mingi na giza zuri, watu wanakimbia mazoezi ukingoni. Hapo macho yanapumzika kidogo. Baba mmoja wa Kichina aliyekaa mbele yetu na mjukuu wake aligeuka, akaona navyojikunyata, akafungua chupa yake ya chai, akanimiminia kwenye kifuniko. Chai kavu, haina sukari, majani yanaelea. Nilikunywa nikapata joto mpaka vidoleni. Hatukuwa na neno la kusemezana zaidi ya *xiexie*, asante, na yeye kutikisa kichwa.

Halafu mnara. Nimeuona mchana mara nyingi kutoka kwenye gari, na mchana ni chuma tu. Usiku na ukiwa chini yake majini, sina namna ya kuueleza ila kwa lugha ya kwetu: una kiuno cha nyigu. Wenyewe Wachina wanauita hivyo hivyo, *xiao man yao*, yaani mwenye kiuno chembamba. Una urefu wa mita 600, ulifunguliwa 2010, mwaka ambao mji uliandaa Michezo ya Asia, na waliouchora ni Waholanzi wawili, mwanamke na mwanamume. Mabomba yake yamesokotwa kama ukili kuanzia chini mpaka juu, na taa zinapanda taratibu kwa kufuata ule msokoto: zambarau, kijani, dhahabu, tena zambarau. Rangi zinadondoka majini na boti inapita juu yake inazivuruga. Mjukuu wa yule baba alikuwa akipiga kelele tangu tuondoke, hapo alinyamaza. Mbele ya mnara, ng'ambo, ndipo kilipo kisiwa cha Haixinsha, ulikofanyika ufunguzi wa michezo ile.

Tukapita chini ya daraja la Liede, ambalo nguzo yake kubwa imeumbwa kama kombe la pwani lililosimamishwa, boti ikageuza. Wakati wa kurudi ni zamu ya maghorofa, na refu kuliko yote lina mita 530. Mimi ninayeuza mapazia nilikuwa naangalia madirisha. Madirisha maelfu, na mengi yana watu bado wanafanya kazi, unaona meza, unaona mtu amesimama na simu. Nikafikiria mwenye kazi ya kupima mapazia ya jengo lile. Niliyafurahia sana, lakini moyo wangu ulibaki kwenye mnara.

Kasoro zipo. Maelezo ya spika ni ya Kichina karibu yote, na sauti iko juu mno. Nilitamani wangeizima tukasikia maji. Chakula cha ghorofa ya chini hakina thamani ya bei yake: karanga, vipande vya tikiti, na soseji zinazozunguka kwenye mashine ambazo ni za nguruwe, kwa hiyo usimpe mtoto ukidhani ni za kuku. Ngazi ya kwenda juu ni kali na nyembamba. Mtu mzima mwenye magoti mabovu atapata shida, naye akae sitaha ya kati, ila nje kwenye reli, asikubali kuwekwa nyuma ya kioo. Choo kilikuwa kisafi lakini hakikuwa na karatasi. Beba yako.

Kwa wanaopenda bia na muziki wa bendi, wataambiwa kuhusu Party Pier, ukingo wa kusini, palipokuwa kiwanda cha bia cha Zhujiang. Sisi hatukwenda, hayo si yetu.

Tulichofanya baada ya kushuka hakina kiingilio, na kama una jioni moja tu nakuomba usikimbilie metro. Treni za mwisho ni karibu saa tano usiku, una nafasi. Tulitembea ukingoni kuelekea magharibi, upande wa daraja la Haizhu, lile la chuma la 1933 lililolipuliwa 1949 na kujengwa upya mwaka uliofuata. Njia ni pana, ina miti, ina wavuvi wa ndoano, ina wazee wanaocheza karata chini ya taa. Wanawake wawili, simu mkononi, mikoba begani, saa tatu usiku, na hakuna aliyetugusa wala kutufuata. Wanaotembea usiku mijini kwetu wataelewa nina maana gani nikisema mabega yangu yalishuka.

Mbele kidogo tukakuta kinamama kama thelathini wanacheza. Wako kwenye mistari, wengi umri wa mama yangu, viatu vya raba, mmoja ana glavu nyeupe. Spika iko chini juu ya kitoroli. Hatua mbele mbili, nyuma mbili, geuka, piga kofi. Ni kwaito ya kwenye sendoff kabisa, ile ya wote kugeukia upande mmoja, ila taratibu. Wachina huita *guangchangwu*, ngoma ya uwanjani, na utaikuta jioni karibu kila mji wa China. Tulisimama pembeni. Mwenye glavu akatuona, akaja, akanivuta mkono. Nikasema, "*Ayi*, hapana." Ayi ni shangazi, ndivyo unavyomwita mama wa makamo kule. Hakusikiliza. Akanipanga mstari wa pili, nyuma yake, ili nione miguu yake. Wimbo wa kwanza nilikosea kila geuko. Wa pili nilishika. Wa tatu shoga yangu ameshaingia, na kanga yangu ya juu amejifunga mama mwingine kabisa, anaipima kwa vidole kama mteja, anaulizia kwa macho. Nikamwachia.

Spika ilizimwa saa tatu na nusu kamili, nadhani ili wanaokaa pale juu walale. Ayi wa glavu akanishika bega. "*Mingtian?*" Kesho? Ndege yetu ilikuwa kesho alasiri. Nikanyoosha kiganja nikakipaisha juu, kama ndege inavyoruka. Akakifuata kwa macho mpaka mwisho wa mkono wangu, akanipigapiga mgongoni, akaondoka na wenzake akivuta kitoroli chake, na magurudumu yake tuliyasikia mpaka walipokata kona.