Diski za filamu za kutisha: kabla ya kusifia picha, uliza sauti

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 85,000 kununua diski ya Night of the Living Dead, filamu ya kutisha ya 1968. Kasha linang'aa, linajisifu kwamba filamu imerejeshwa upya. Nikazima taa, nikaweka. Kabla hata gari halijafika makaburini, kikaingia kinanda cha kisasa kama cha tangazo la benki. Nilikuwa nimeuziwa lile toleo la 1999, lililopachikwa muziki mpya na matukio yaliyopigwa miaka 30 baada ya filamu yenyewe, kazi ambayo George Romero, mwongozaji wa filamu, hakuigusa. Nikampigia muuzaji. "Dada, sauti si inasikika?" Inasikika, kaka. Ndiyo shida yenyewe.

Kwa hiyo humu sitagusa 4K, wala mng'ao wa rangi, wala mabango yaliyokunjwa ndani ya kasha. Hayo kila mtu anayaandika. Mimi nazipanga kampuni zinazotoa diski kwa swali moja tu: sauti ya mwanzo ipo?

Filamu nyingi za kutisha za miaka ya 60 na 70 zilichanganywa kwa mono: kelele, muziki na maneno vyote njia moja, vikigombania nafasi. Fujo ile ni sehemu ya hofu. Wanaozitoa upya hupenda kutengeneza mchanganyiko wa spika sita, ndiyo ile 5.1 ya kwenye kasha, na humo radi hubadilishwa, nyayo huongezwa, muziki unahamishiwa nyuma ya kochi. Watengeneze, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale wanapoitupa ile ya awali wala wasiseme. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sauti iliyobadilishwa. Lufufu au DJ Afro akiingia juu ya filamu unajua ni yeye, na pengine ni yeye uliyemfuata. Diski inabadilisha kimyakimya.

Namba moja ni Arrow Video ya Uingereza, na sitajifanya refa asiye na timu. Chukua Deep Red ya Dario Argento, ya 1975. Waitaliano wa wakati ule walikuwa wakipiga picha kwanza, sauti zinaingizwa studio baadaye, hata waigizaji wa nchi tofauti wakaongea kila mmoja lugha yake mbele ya kamera. Sasa utasema lugha ya asili ni ipi? Arrow hawakuchagua. Wameweka Kiitaliano na Kiingereza, zote mono. Toleo refu lina vipande ambavyo havikuwahi kuingizwa Kiingereza, hivyo katikati ya mazungumzo mtu anageuka Mwitaliano ghafla na maandishi yanatokea chini. Mara ya kwanza niliamka nikaipiga deki kofi. Leo nikikosa ule mruko naona nimeibiwa. Tena diski zao nyingi za Uingereza ni za kanda B (diski za Blu-ray hugawanywa kwa maeneo, na deki husoma za eneo lake), ambayo ndiyo yetu Afrika nzima, pamoja na Ulaya na ndugu zetu wa Muscat.

Namba mbili, Synapse ya Marekani, na wanaipata kwa filamu moja: Suspiria, ya Argento pia. Urejeshaji wao wa 4K ulitoka kwenye negativu yenyewe, ile iliyopita ndani ya kamera, na Luciano Tovoli aliyeipiga ndiye aliyesimamia rangi. Watu wote wanalilia ule wekundu. Mimi nililia niliposikia mchanganyiko wa njia nne wa 1977. Ile minong'ono ya Goblin, bendi iliyopiga muziki wake, inatokea pembeni, unageuka kuangalia mlango.

Criterion nimewaweka wa tatu kwa kinyongo. Night of the Living Dead yao ya 2018 ndiyo niliyopaswa kununua: Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York liliirejesha kutoka kwenye negativu, na mono yake ilisafishwa chini ya usimamizi wa Romero mwenyewe, aliyefariki Julai 2017. Lakini Blu-ray yao ya Marekani imefungwa kanda A. Deki ya kanda B inaitema. Mliopo Houston au Toronto, kwenu ipandisheni iwe ya kwanza.

Vinegar Syndrome wa Connecticut wanaokoa filamu ambazo hata waliozitengeneza walishazisahau. Nawapenda, ila makasha yao ya toleo maalumu yakiisha tu, walanguzi wanayarudisha mtandaoni kwa bei ya mbuzi wa Idi. Ongeza posta. Ongeza VAT ya asilimia 18. Ongeza na yule ofisa anayeuliza "hii ni ya biashara?" huku ameshika diski moja. Moja!

Za bei rahisi? Night ilikosa hakimiliki Marekani, kwa sababu jina lilipobadilishwa kutoka Night of the Flesh Eaters ile alama ya hakimiliki ilisahaulika, basi kila mwenye mashine anaichapa. DVD nyingi za zamani za PAL, ule mfumo wa televisheni wa Ulaya na kwetu, zinaendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Dakika 96 zinakuwa 92, na sauti za watu zinapanda kidogo, kila mtu kama ana haraka ya kwenda msalani. Sina zaidi ya hapo.

Unapotaka kununua, geuza kasha. Tafuta 1.0, au 2.0 yenye neno mono, kando yake LPCM au DTS-HD Master Audio, yaani sauti isiyopunguzwa ubora. Ukikuta 5.1 peke yake, irudishe rafuni.

Yule kaka wa diski yangu ameahidi kunibadilishia. Juzi kanitumia picha ya nyingine, nikamwomba anipigie mgongo wa kasha. Kanitumia mbele tena, safari hii kwa karibu zaidi.