Gari lenye nguvu lisilo na mbwembwe: lipi ununue ukiwa Kigoma

Siku hizi ukifungua tovuti za magari ya mtumba kutoka Japani, unakutana na skrini kama televisheni katikati ya dashibodi, breki ya mkono ya kubonyeza, funguo isiyochomekwa popote, na injini inayojizima yenyewe ukisimama kwenye foleni. Foleni ipi, ndugu zangu? Ya Mwanga sokoni? Mtu wa Kigoma anayetafuta gari la kazi ana shida nyingine kabisa. Anataka lipande milima ya Manyovu na gunia za maharage mgongoni, livuke tope la Machi kuelekea Kalya, na likiharibika Kakonko litengenezwe Kakonko. Nimemwandikia huyo. Wewe unayetoka Gungu kwenda Ujiji na kurudi kwa lami, tafuta IST yako safi, pesa itakayobaki jengea.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, tukubaliane jambo moja, maana ndipo watu wengi wanapopigwa: chagua injini kwanza, bodi baadaye. Jina lililoandikwa nyuma ya gari halikwambii kitu. Patrol mbili zinaweza kufanana mpaka rangi, moja ikawa na injini ya TD42 itakayokuzika, nyingine ikawa na ZD30 itakayokufilisi. Hilux ya 5L na Hilux ya D4D ni magari mawili tofauti hata kama milango yake inabadilishana. Kwa hiyo dalali akikupigia simu kwamba kuna Patrol kali imeingia mjini, swali la kwanza usiulize bei. Uliza injini gani, na ukifika fungua boneti uione mwenyewe.

Injini tunazozitafuta hapa ni dizeli za pampu ya kawaida. Umeme zinaouhitaji ni wa kupasha, wa kupiga stata na wa kufungua njia ya mafuta. Baada ya hapo zinajiendea. Hakuna kontroli boksi (kompyuta ya injini) wala sensa ya kukuzimia gari porini kwa sababu waya mmoja umeliwa na panya. Injini za komoni reli, zile tunazoziita D4D na ndugu zake, zina nguvu zaidi na zinakula kidogo, sikatai. Lakini nozo zake, yaani vinyunyizio vya mafuta, zinapitisha mafuta kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na tundu zake ni ndogo mno. Dizeli ya dumu iliyokaa nje ya duka msimu mzima wa mvua, ikiwa na maji na vumbi ndani, hizo nozo haziivumilii. Nozo ya zamani itakohoa, utamwaga maji kwenye filta, utaendelea na safari.

Namba moja: Land Cruiser 70 yenye 1HZ

Ndiyo, mkonga, kama tunavyoliita mtaani. Najua ulilitarajia, na sina sababu ya kujifanya nina jibu la ajabu kuliko hilo. Familia hii ya magari ilianza 1984, na injini ya 1HZ ikaingia 1990: silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Nguvu farasi zake ni kama 130 tu, jambo linalowachekesha vijana wa Mark II. Waache wacheke. Kinachopandisha mzigo mlimani ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, na 1HZ inatoa Nm 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, chini kabisa, mahali ambapo dereva wa mlima anaishi. Unaweka gia ya pili, unaacha injini ivute, wala hupigi makelele.

Kuna hadtopu ya milango miwili mbele na mingine nyuma (HZJ78), na kuna pikapu (HZJ79). Kwa mzigo chukua pikapu. Matoleo ya kuanzia 1999 yana koili springi mbele, kwa hiyo hayakutikisi meno kama yale ya zamani. Mafuta hesabu kilometa 7 hadi 9 kwa lita kulingana na mzigo na mguu wako.

Kitu cha kuangalia kwa makini ni taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini. Wengi wanadhani gari la namna hii lina cheni. 1HZ ina belti, na Toyota imeweka taa yake kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, ambayo huwaka kila baada ya kilometa 100,000. Washa swichi bila kupiga stata, uzitazame taa zote. T-BELT inapaswa kuwaka pamoja na wenzake. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa balbu ili asisumbuliwe, na belti huijui ina umri gani. Hapo hesabu bei ya belti mpya na tensheni yake, uikate kwenye bei ya gari mbele ya mwenye gari.

Pili, inama utazame nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye lile tufe la chuma gurudumu linapokatia kona. Likiwa na unyevu kidogo wa grisi, sawa. Likiwa linatiririsha uji mweusi mwembamba, oili ya difu imepita sili na kuchanganyika na grisi, beringi zinaoga humo. Kutengeneza siyo mwisho wa dunia, ila ni kazi ya siku nzima na sili za pande zote mbili.

Tatu, mkimbie muuzaji anayejisifu kwamba amefunga turbo kwenye 1HZ. Injini hii haikutengenezwa kwa turbo; ikilazimishwa, joto linapanda na silinda hedi inaanza kupasuka. Kuna ya V8 pia, ya lita 4.5 na turbo, iliyoanza 2007. Nguvu anayo, tena nyingi, lakini ni komoni reli, imetoka kwenye hadithi yetu.

Ubaya wa mkonga ni bei tu. Haishuki. Gari namba C lililochoka bado linaitishwa pesa ya nyumba. Hapo ndipo Kigoma tuna nafuu kidogo: kambi za wakimbizi, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta kule Kibondo, zimeleta mashirika, na mashirika yameleta Land Cruiser nyingi. Mradi ukifungwa, magari yanauzwa. Utaambiwa, “Mzee, hili lilikuwa la mzungu, halijaguswa hata spana.” Gari lisiloguswa spana ndilo la kuogopa. Omba kitabu cha sevisi. Bora lililotembea kilometa 300,000 likiwa na kumbukumbu za kubadilishwa oili kuliko la 140,000 lisilo na karatasi, maana odometa inarudishwa nyuma mchana kweupe.

Namba mbili: Nissan Patrol yenye TD42

Kama hii ingekuwa na spea nyingi Kigoma kama Toyota, ningeiweka juu. TD42 ni lita 4.2, silinda sita, pampu ya kawaida kama mwenzake, lakini taimingi yake ni ya gia za chuma. Hakuna belti ya kukatika. Bodi ni mbili: Y60, iliyoanza mwisho wa miaka ya 1980, na Y61 ya kuanzia 1997. Zote mbili zina ekseli nzima (chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu) mbele na nyuma pamoja na koili springi pande zote, kwa hiyo kwenye barabara mbovu inawabeba abiria vizuri kuliko mkonga, na bei yake ipo chini kwa sababu watu wanaiogopa.

Wanaiogopa kwa kisa cha ndugu yake, ZD30 ya lita 3.0 yenye turbo, ambayo matoleo ya mwanzo yalipata sifa ya kuyeyusha pistoni. Ukiambiwa “ni three litre, inakula kidogo”, aga kwa heshima. Hata Patrol ya petroli iache, isipokuwa una kituo chako cha mafuta.

Spea za TD42 zipo, ila nyingi utaagiza Mwanza au Dar, usubiri basi. Mtu anayelitegemea gari kila siku kwa mkate, siku tatu za kusubiri gasketi ni hasara. Mwenye shamba na gari la pili nyumbani, hili linamfaa sana.

Namba tatu: Hilux ya 3L au 5L

Hapa nitagombana na watu. Hilux hizi hazina nguvu. 3L ni lita 2.8, 5L ni lita 3.0, zote silinda nne bila turbo, na ukizipandisha kutoka ziwani kwenda Kasulu na mzigo utapitwa na kila basi. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, Kasulu iko juu sana ya hapo, na Hilux itakuonyesha kila mita. Kwa nini basi nimeiweka hapa? Kwa sababu kati ya magari yote ya orodha hii, ndilo ambalo mtu wa kawaida anaweza kulinunua, kulilisha na kulitengeneza. Hakuna kijiji chenye gereji ambacho fundi wake hajawahi kufungua injini hizi za L. Spea zake zipo mpaka kwenye maduka ya baiskeli, nasema kwa kuzidisha kidogo. Mafuta linakwenda kilometa 9 mpaka 11 kwa lita ukilitunza.

Ukipata LN106, ya kabla ya 1997, yenye ekseli nzima mbele, chukua hiyo kwa porini. LN166 na 167 zilizofuata ni laini zaidi mbele lakini zina bushi na jointi nyingi za kubadilisha. Zote zina taimingi belti, kwa hiyo habari ya taa ya T-BELT irudie hapa.

Sasa ukague chasisi kama unayekagua mahari. Hilux ya Kigoma imebebeshwa kuliko uwezo wake tangu siku ya kwanza. Lala chini na tochi, fuata chuma cha chasisi kuanzia nyuma ya kabini mpaka kwenye springi za nyuma, utafute mstari wa kutu mwembamba uliosimama wima: huo ni ufa. Tafuta pia viraka vya kulehemu vilivyopakwa rangi nyeusi mpya. Halafu uliza gari lilikuwa linabeba nini. Lililobeba mahindi halina neno. Lililobeba chumvi ya Uvinza, au dagaa wabichi kutoka mialoni, limekunywa maji ya chumvi na ya samaki kwenye kila tundu la chasisi. Gonga kwa bisibisi. Ikitoa sauti ya bati badala ya chuma, usipoteze muda kujadili bei.

Namba nne: Land Cruiser 80

Kwa mwenye familia kubwa na safari ndefu za Tabora au Dodoma. Ilitengenezwa kuanzia 1990 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Yenye 1HZ ni nzito, haiharakishi, ila haifi. Ukibahatika kupata yenye 1HD-FT, dizeli ya turbo ya valvu 24 iliyokuja 1995, umepata gari lenye nguvu kuliko dizeli zote za orodha hii na bado pampu yake ni ya kawaida. Ya petroli, 1FZ, ni injini nzuri sana yenye kiu isiyosemeka. Shida ya 80 ni urembo wake: vioo vya umeme, viti vya umeme, antena ya umeme. Vyote vimeshakufa. Usilipie kufufua, nunua kama vilivyo.

Namba tano: Land Rover 110 yenye 300Tdi

Lita 2.5, nguvu farasi 111, toki Nm 265 kwenye mizunguko 1,800, hesabu safi kwa injini ndogo. Ni rahisi kuifungua na inakula kidogo. Lakini inavuja oili, na ikichemka mara moja silinda hedi inapinda. Td5 iliyoifuata 1998 ina kontroli boksi. Nunua kama unaipenda na una fundi wako wa Land Rover. Asiye na fundi asithubutu.

Mtaniuliza Prado. Prado ya 1KZ, lita 3.0 turbo, ni tamu barabarani, ila hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemka. Kama umeshaipenda, fungua rejeta injini ikiwa baridi, muwashe, utazame mapovu yasiyokoma kwenye maji. Yakiwepo, ifunike uondoke.

Kuna jambo moja nisilifiche. Magari haya mengi hayana mifuko ya hewa, mengi hayana ABS, na mabenchi ya pembeni ya hadtopu hayashiki abiria gari likipinduka. Mikanda ya kiti na breki siyo mbwembwe. Kabla ya kununua tairi mpya au bampa la kuvutia, badilisha padi, paipu za breki na mikanda iliyochanika, na mtoto usimkalishe benchi la pembeni kwa safari ndefu.

Kukagua nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiwashe. Ukikuta boneti ina joto, rudi kesho. Injini ya baridi inasema kweli: ikiwaka kwa nusu mzunguko na moshi ukaisha haraka, vizuri, ikipigwa stata mpaka betri inalia, ikamwaga moshi mweupe kiwanja kizima, kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa) imechoka au nozo zimekufa. Ikishashika, fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikikupulizia usoni kwa nguvu, ringi zimekwisha.

Mwisho ni karatasi. Linganisha kadi na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ambayo kwenye Land Cruiser iko jirani na gurudumu la mbele la kulia. Kama pamesagwa au pamepakwa rangi nzito, ondoka. Gari la usukani wa kushoto, lililovuka kutoka Burundi au Kongo, usiliguse kabla ya kuona nyaraka za forodha. Na kwa yale ya mashirika yenye namba za DFP (miradi ya wafadhili), mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa shirika, wewe haukuhusu: kodi inadaiwa gari linapohamia kwako, na ushuru wa forodha asilimia 25 ukijumlisha VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa vinaweza kuigeuza bei ya mnada kuwa utani. Nenda ofisi ya TRA na namba ya chasisi, uulize kilicholipwa na kilichobaki, ndipo umkabidhi mtu pesa.