Propela yangu na fundi asiyeitikia shikamoo

Mwenye haraka asome hapa tu. Ukiwa na propela ya gari ya kufupisha, lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi matairi ya nyuma, hapa Tanga mjini kila utakayemuuliza atakuelekeza karakana moja ya kuchonga vyuma. Jina silitaji. Usiende. Au nenda, lakini nikueleze kwanza uende vipi. Aah, usiende. Naandika hasira bado zimo kifuani, kwa hiyo mnivumilie nikigeuza maneno katikati.

Gari lenyewe nalijenga nyumbani, uani kwetu Chumbageni. Ni lile la umbo la Lotus Seven: boneti ndefu, matairi ya mbele yamekaa nje ya bodi, paa hakuna, mlango hakuna. Colin Chapman alilitoa Uingereza mwaka 1957 na wateja wengi wakalinunua likiwa vipande, kwa sababu gari zima lilikuwa na kodi ambayo vipande havikuwa nayo. Inasimuliwa kuwa sheria ya kodi ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunga, basi wao wakamwandikia maelekezo ya kulifungua, halafu asome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Akili hiyo ningekuwa nayo mimi! Tangu mwaka 1973 haki za gari hilo ziko kwa kampuni ya Caterham, lakini umbo lake watu wanaliiga kila pembe ya dunia, kwenye magereji na mabanda ya kuku. Mimi nimeliiga chini ya mwarobaini.

Sitawachosha na namba za injini, zimejaa mtandaoni. Jueni tu kwamba vyote vimetoka kwenye Toyota Altezza iliyopinduka, nimetoa injini yake ya 3S-GE, giaboksi yake ya gia sita na difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Altezza nzima ina kilo zaidi ya 1,300. Langu nategemea lisifike 700. Uchawi wote wa magari haya ni huo wepesi, si kitu kingine.

Na kabla sijafika kwa huyo bwana, haki itendeke: sehemu nyingine za kazi hii zilinipa raha tupu. Nilizunguka Ngamiani na kalipa, kile kipimio cha unene, mkononi nikipima skwea paipu, maana nyingi ni za madirisha, nyembamba, ukizichomelea zinatoboka. Nilitaka unene wa milimita 1.6, wauza vyuma wakaishia kuniita Inspekta. Hewa ya bahari ilinikimbiza kweli: chuma kitupu ukikilaza nje usiku mmoja, asubuhi kina kutu, kwa hiyo kila kona niliyoimaliza niliipaka redioksaidi jioni ileile. Pua na mabawa ya faiba nilisaidiwa na vijana wanaoziba boti kule Deep Sea. Hao ndio walionifundisha kuchanganya rizini alfajiri, kwa kuwa jua likishapanda inaganda ndani ya kopo hujaigusa. Hadna, dawa ya kuigandisha, ni asilimia 1 au 2 tu, lakini joto la Tanga nalo linatia mkono wake. Wale vijana nawapa nyota zote zilizopo. Na salamu waliitikia.

Sasa propela.

Ya Altezza ni ndefu mno kwa gari langu. Nilihitaji kipande kimoja kifupi, hakifiki mita. Nikanunua propela kuukuu ya Hilux kwa wauza spea chakavu, nikaipeleka karakana pamoja na flanji zake na krosi mpya mbili, vile viungo vya mwisho vinavyoiruhusu izunguke ikiwa kwenye pembe: ikatwe, ifupishwe, ichomelewe, inyooke. Ile siku ya kwanza bosi hakuwepo. Alinipokea kijana mmoja mpole, akapima, akaandika vipimo ukutani kwa chaki, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Bei laki moja na ishirini, nikalipa yote hapohapo.

Mtu asiyejua atauliza, propela tu ndiyo inakutoa roho hivi? Kwenye gari hili propela inapita kwenye handaki jembamba katikati ya viti viwili, sentimita chache kutoka kiunoni mwangu upande wa kushoto. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, na difu yenye uwiano wa takriban 4 kwa 1, inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Ikikatika, inakatika karibu na nyonga yako. Nimefunga pete mbili za chuma kuizunguka endapo litatokea la kutokea, lakini hizo ni za kukuokoa, si za kukufanya uendeshe kwa raha na propela mbovu.

Nilipoichukua ilipendeza. Kichomeleo chembamba, sawa pande zote, hakuna matone. Nikaifunga, nikaliweka gari kwenye stendi, matairi ya nyuma yako hewani, nikawasha. Gia ya kwanza shwari. Ya pili shwari. Ya tatu, nikikanyaga mafuta polepole, mtetemo ukaanza kwenye sakafu, ukapanda kwenye kiti, ukaingia kwenye stelingi, na nati niliyoisahau juu ya dashibodi ikatembea mpaka ikaanguka. Nikafungua matairi ya nyuma kabisa, nikarudia. Uleule. Baadaye nikalijaribu kwenye barabara ya ndani ya shamba moja la mkonge, kwa ruhusa ya msimamizi, na likiwa na mzigo wa dereva likawa baya zaidi: kioo cha pembeni kilikuwa kinanionyesha ukungu mtupu.

Nikaifungua, nikaibeba begani, nikarudi karakana. Siku hiyo bosi alikuwepo, amekaa kwenye benchi na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

Kimya. Nikadhani kelele za mashine. Nikasogea.

"Shikamoo."

Akaitazama propela, mimi hakunitazama. "Hiyo tulishamaliza."

Hapa kwetu hata mdai na mdaiwa wakikutana njiani wanasalimiana kwanza ndipo wagombane. Mimi nimelelewa hivyo, na nina hakika na yeye kalelewa hivyo. Nikameza. Nikamweleza mtetemo, unaanza wapi, unazidi wapi.

"Maunti za injini zimekufa."

Nikamwambia ni mpya.

"Basi matairi hayana balansi."

Nikamwambia nimeyatoa matairi yote mawili ya nyuma na bado inatetemeka. Hapo akacheka, akawageukia vijana wake na wao wakaacha kazi ili wasikie vizuri.

"Sikiliza, kijana. Wewe unatengeneza toroli, unataka propela ya ndege? Mimi natengeneza propela za malori yanayopanda Lushoto na magunia, hajarudi mtu."

Vijana wakacheka wote, isipokuwa yule aliyenihudumia. Yeye aliinama akajifanya anatafuta spana. Kijana ananiita mimi, mtu mwenye mvi! Lakini hilo nalo nimelisamehe, na toroli nimeisamehe, watani wangu wenyewe mtaani wanaliita gari langu jeneza la michezo. Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba hakuinyanyua. Propela ilikuwa miguuni pake. Mtu wa miaka yote hiyo kwenye chuma, angeinama tu akaitazama kwa jicho moja kutoka mwisho mmoja, angeona. Hakutaka kuona.

Aliyeona ni mzee jirani yetu, mstaafu wa karakana ya reli. Nilikuwa naipitisha tu mbele ya kibaraza chake, akaniita, "Mwanangu, hebu ilete hiyo." Akaiweka juu ya meza ya kahawa, akafunga jicho, akasema, "Masikio yamepishana."

Ikabidi anikalishe. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe, kile inachokizungusha hakiendi kwa mwendo mmoja: ndani ya mzunguko mmoja kinaharakisha mara mbili na kuzubaa mara mbili. Ndiyo maana propela ina krosi mbili. Ya pili inafuta makosa ya ya kwanza, lakini kwa masharti: pembe za pande zote mbili zilingane, na masikio ya chuma yanayoshika krosi, ya mbele na ya nyuma kwenye bomba lile, yakae kwenye mstari mmoja. Yakipishana, ya pili haifuti kitu, na yakipishana robo mzunguko inaongeza kabisa. Na hapo hata uibalansi kwa mashine ya dhahabu, mtetemo hauondoki. Yangu ilikuwa imepishana kiasi cha nafasi ya saa moja kwenye uso wa saa. Kinga yake? Kabla hujakata bomba, unachora mstari mmoja kwa msumari kutoka mwisho hadi mwisho, ukirudisha vipande unalinganisha mstari. Kazi ya dakika moja. Karakana ya watu wazima, laki moja na ishirini, na mstari wa msumari hakuna!

Basi nikaanza kuandika mapitio haya, na toleo la kwanza lilikuwa na maneno ambayo mama watoto aliniambia niyafute.

Halafu mambo yakageuka. Yule kijana mpole alinipigia simu mwenyewe, sijui namba aliitoa wapi. Akasema, "Kaka, ilete wakati wa swala ya Ijumaa, mzee anakuwa hayupo." Nikaenda. Aliifunga kwenye mashine ya kuchongea, akala kichomeleo taratibu bila kugusa bomba, akazungusha masikio, akayapima kwa ubao na pima maji, akakaza kwa nukta nne, akapima tena, ndipo akazungusha moto. Akaweka saa ya kupimia, akaizungusha kwa mkono: sindano haikutikisika hata robo milimita. Nikiwa nimesimama pale nilianza kuilainisha hukumu yangu. Nikasema karakana hii ina mashine nzuri na ina mikono mizuri, kosa ni la siku moja, nitawapa nyota nne, nitamtaja kijana bila jina.

Bosi akarudi mapema.

Nilimpa shikamoo, sijui kwa nini, mazoea tu. Hakuitikia. Akaitazama propela kwenye mashine, akamtazama kijana, akasema, "Kazi mpya, hela mpya. Elfu arobaini." Nikamwambia hii si kazi mpya, ni ileile mliyoikosea. Akasema kama haina kosa lake mbona nimeirudisha, na kama ina kosa lake nimlete mtaalamu wa ndege. Propela ilikuwa bado imebanwa kwenye mashine yake, na kijana ametazama chini. Nikatoa elfu arobaini. Sikuitoa kwa sababu alinishinda hoja, niliitoa ili kijana asilipishwe yeye jioni.

Gari sasa ni shwari. Gia ya tatu, ya nne, ya tano, sakafu imetulia na kioo kinaonyesha mkonge uliobaki nyuma, jani kwa jani. Kwa hiyo kazi ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ukilazimika kwenda, chora mstari wako mwenyewe kwa msumari kabla hujatoka nyumbani, nenda Ijumaa mchana, mtafute kijana aliyeinamisha kichwa. Nyota tatu. Hapana, mbili, na zote mbili ni za kijana.

Elfu arobaini yangu nimemwandikia bosi ujumbe kuidai, kwa adabu, nimeanza na shikamoo. Alama za kusomwa zimetokea tangu wiki iliyopita. Sasa nabadilisha tena: nyota moja.