GitHub Team kwa meneja wa wahandisi: ina thamani yake, ukiipanga vizuri

Kampuni ya programu ya Unguja ikiwa na watu wanne, makubaliano ya mdomo yanatosha. Wakifika kumi, wengine wakikaa Fumba na wengine Chake Chake, zinahitajika kanuni zisizomsubiri meneja akumbushe. Hapo ndipo GitHub Team, toleo la kulipia la GitHub (mtandao wa kuhifadhi na kukagua msimbo kwa pamoja), inapostahiki dola 4 kwa mtu kwa mwezi.

Toleo la bure halina kinga ya matawi (kanuni za kuzuia nakala za msimbo zisibadilishwe ovyo) kwa repo za faragha, yaani hifadhi za msimbo zisizo wazi kwa umma. Yeyote mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kusukuma msimbo moja kwa moja hadi main, tawi kuu, usiku, na asubuhi mapokezi ya hoteli Nungwi yakakuta mfumo umelala. Kwa kazi ya wateja wa utalii, khasa Julai na Agosti, hatuoni sababu ya kuubeba msiba huo.

Kwenye mipangilio ya repo, washa mambo manne: kila ombi la kuingiza msimbo lipate idhini ya mtu 1, idhini ifutike msimbo mpya ukiongezwa, majaribio yapite kwanza, na kanuni ziwabane hata wasimamizi. La pili husahauliwa sana. Bila hilo, mtu hupata idhini kisha akaongeza mistari ambayo hakuna aliyeisoma. Idhini mbili kwa timu ndogo ni nyingi mno. Maombi hulala, na watu huanza kukubali bila kusoma.

Faili la CODEOWNERS, linaloorodhesha nani akague sehemu gani ya msimbo, ndilo tunalolipenda zaidi, na ndilo linalokosewa zaidi. Mstari wa mwisho unaolingana ndio unaoshika. Kwa hiyo nyota ya jumla (*, yaani mafaili yote) iwe juu, folda ya malipo iwe chini yake. Ukigeuza, msimbo wa malipo utakwenda kwa wenye mstari wa nyota. Tena lazima uwashe sharti la idhini ya wenye msimbo, la sivyo faili linaomba tu, halizuii. Ugawaji wa maombi ya ukaguzi kwa zamu ni mzuri pia: aliyeko likizo ya Idd akijiwekea hali ya "Busy" (ana shughuli), hapangiwi kazi.

Actions, huduma ya kuendesha majaribio na kazi nyingine zenyewe, inakuja na dakika 3,000 kwa mwezi, lakini mashine za macOS hula takriban mara kumi. Jaribio la dakika 20 la programu ya iPhone hukata kama 200, basi liendeshwe kabla ya kutoa toleo tu. Ratiba za kazi hizo kwa kawaida husomwa kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu: saa 8 usiku ya hapa huandikwa 23:00. Ukiandika 02:00, kazi itaanza saa 11 alfajiri. Epuka pia dakika ya sifuri, yaani saa inapoanza, kwani foleni huwa ndefu na kazi huchelewa.

Grafu za michango, zinazohesabu nani kaongeza msimbo mara ngapi, ni dhaifu. Meneja akizitumia kutathmini watu, wataikatakata kazi vipandevipande ili hesabu ipande. Tazama badala yake ombi linakaa muda gani kabla ya kusomwa. Likizidi siku moja ya kazi, mara nyingi ni kubwa mno. Ligawe libaki chini ya mistari 300.