GIMP 3 kwa Kusafisha Picha za Sura za Studio: Uzoefu Wangu

Kazi inayoingia kwa wingi katika studio yetu ya Ngamiani, Tanga, ni picha za sura: maharusi, wahitimu, wazee wanaotaka picha ya kutundika sebuleni, na watumishi wanaohitaji picha rasmi ya ofisini. Tangu toleo la 3.0 la GIMP lilipotoka mwezi Machi 2025, picha hizo nimekuwa nikizisafisha kwa programu hiyo, baada ya kufungua faili ghafi la kamera kwa darktable. Programu zote mbili hazilipiwi, si kwa mwezi wala kwa mwaka. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mpiga picha anayepokea fedha za watu na anayetaka kujua kama programu ya bure inaweza kubeba kazi ya kulipwa. Jibu langu ni kwamba inaweza, na kwa ngozi nyeusi inaifanya kazi hiyo vizuri sana, mradi mtu awe tayari kuifanya kwa mkono.

Habari hiyo ya mkono ndiyo iliyonileta GIMP. Programu nyingi za kusafisha sura kwa kubofya mara moja, hasa zile za simu, zina wazo lao la namna uso mzuri unavyopaswa kuwa, nazo huusukuma kila uso uelekee huko. Hulainisha ngozi mpaka vinyweleo vinapotea, huipausha, huipunguza pua, na meno hung'arishwa kupita kiasi. Bibi harusi mwenye mwanya, ambao kwetu ni sifa ya uzuri inayotajwa hadharani, huupata umezibwa. Mzee ambaye swala za miaka mingi zimemwachia sijida kwenye paji la uso hurudishiwa paji tupu, kana kwamba alama ile ilikuwa doa la uchafu. Tatizo hili lina mizizi mirefu: tangu enzi ya filamu, kadi za Kodak ambazo maabara zilizitumia kupimia rangi, zilizoitwa Shirley, zilionyesha wanawake weupe kwa miongo kadhaa, na ngozi zetu zikachapishwa kwa kipimo kilichowekwa kwa ajili ya watu wengine. Mtu anayeuza picha za sura kwa Waafrika ana wajibu wa kukishika kipimo hicho mwenyewe.

Katika GIMP, zana ninayoitegemea kuliko zote ni kichujio cha kuigawa picha kwa wevuleti (wavelet), kilichoingizwa katika toleo la 2.10 mwaka 2018. Kichujio hiki huichukua picha moja na kuitenganisha katika safu kadhaa kwa ukubwa wa vitu vinavyoonekana: safu ya kwanza hubeba vitu vidogo kabisa, yaani vinyweleo, kope na nyuzi za kitambaa, safu za katikati hubeba chunusi, makovu madogo na mikunjo, na safu ya mwisho, ya mabaki, hubeba rangi na vivuli vikubwa tu, ikionekana kama picha iliyotazamwa nyuma ya kioo chenye ukungu. Bila kubadilishwa, kichujio hutoa ngazi 5 pamoja na mabaki, na safu zote zikiwashwa pamoja hurudi kuwa picha ileile ya awali. Faida yake kwa sura ni kubwa. Chunusi huiondoa katika safu za katikati kwa zana ya kuponya, nikichukua sampuli kwenye ngozi safi iliyo jirani, na vinyweleo vya safu ya kwanza vinabaki mahali pake. Weusi chini ya macho, ambao ni suala la rangi na si la umbile la ngozi, naushughulikia kwenye mabaki peke yake: nazungushia eneo, nalainisha kingo za uteuzi, kisha natia ukungu kidogo ili rangi ya shavu ipande taratibu kuelekea jicho. Mteja akiikuza picha kwenye simu yake ataona ngozi halisi, yenye vinyweleo vyake, isiyofanana na plastiki.

Onyo moja tu: safu ya kwanza iacheni ilivyo, isipokuwa kwa unywele uliokatiza jicho au uzi uliochomoza kwenye shela. Anayeilainisha safu hiyo amerudi kulekule kwenye kitufe kimoja.

Baada ya madoa hufuata mwanga, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Uso mweusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa tofauti ya rangi: ule mstari wa mwanga juu ya pua, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mdomo wa chini na kwenye kidevu ndio unaomwambia mtazamaji uso umejengwa vipi. Wahariri wengi, wakiogopa jasho na mafuta, huufuta mng'ao wote, na matokeo yake ni uso bapa wenye rangi ya majivu. Mimi huupunguza pale ulipoungua kabisa, kwa kawaida kwenye paji la uso, na kwingineko nauacha. Kisha nafungua safu mpya iliyojazwa kijivu cha asilimia 50, naiweka katika hali ya mwanga laini, na kwa brashi yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 10 natia weupe pale mwanga unapostahili kuongezwa na weusi pale kivuli kinapostahili kukolea. Kazi hii ni ya polepole, na kalamu ya kuchorea ya kompyuta huifanya iwe nyepesi kuliko kipanya, kwa sababu GIMP huusoma mkandamizo wa mkono. Katika picha za wazee naipenda kuliko kazi nyingine yoyote, kwa kuwa mikunjo haifutwi. Kina chake tu ndicho kinachopunguzwa kidogo pale taa ya studio ilipokizidisha.

Kuhusu rangi, ushauri wangu unaihusu zaidi darktable kuliko GIMP. Bwana harusi wa pwani huja na kanzu nyeupe, na mkono wa mhariri huvutwa kuchukua kipimo cha weupe kwenye kanzu hiyo. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo, ambazo huugeuza mwanga wa urujuanimno kuwa mwanga wa buluu, kwa hiyo kanzu iliyopigwa taa ya studio mara nyingi huwa na ubuluu ambao jicho haliuoni. Ukiiambia programu kwamba huo ndio weupe halisi, itaongeza umanjano katika picha nzima, na uso wa bwana harusi utageuka rangi ya chungwa. Mteja ashike kadi ya kijivu katika picha ya kwanza, kipimo kichukuliwe hapo, na kanzu iachwe na weupe wake. Vitundu vya kofia ya kiua navyo huonekana vizuri mwanga usipopandishwa ovyo.

Toleo la 3.0 limeleta jambo tulilolisubiri kwa muda mrefu: vichujio vingi sasa hukaa juu ya safu bila kuigusa picha yenyewe, huhifadhiwa ndani ya faili la XCF, ambalo ni faili la GIMP lenyewe, na vinaweza kufunguliwa tena na kurekebishwa. Mteja akirudi akitaka uso uwe na giza kidogo zaidi, kazi haianzi upya. Hata hivyo, toleo hili halina safu za marekebisho za aina ya zile za Photoshop, yaani safu zinazobadilisha mwanga au rangi ya safu zote zilizo chini yake, na katika kumtenga mtu na usuli wake kwa haraka, Photoshop iko mbele, hasa kwenye nywele za asili zilizochambuliwa. Anayemudu malipo ya usajili, ambayo Adobe iliyafanya kuwa njia yake ya mauzo tangu mwaka 2013, atapata urahisi huo. Katika kusafisha ngozi yenyewe sioni anachonizidi.

Kompyuta nayo iangaliwe. Picha ya megapikseli 24 yenye biti 16 kwa kila moja ya chaneli zake 3 za rangi huchukua takribani megabaiti 144 kwa safu moja. Ukiigawa katika ngazi 5 na mabaki yake, pamoja na picha ya awali, umeshafikia karibu gigabaiti 1 ya kumbukumbu kabla hujagusa brashi. Kompyuta yenye gigabaiti 8 inaweza kuifanya kazi hiyo ikiwa programu nyingine zimefungwa, lakini kwa studio nashauri 16.

Programu haiwezi kukuamulia nini kiondoke na nini kibaki. Kanuni ninayoifuata inajulikana kwa wahariri wengi: kitakachopona chenyewe ndani ya wiki mbili, kama vile chunusi, mkwaruzo au midomo iliyokauka, kinaondolewa bila kuuliza, kilicho cha mtu siku zote, kama vile kovu, alama ya kuzaliwa, mwanya, sijida au chale, hakiguswi mpaka mwenyewe aseme. Nimewaona wateja wengi wakiombwa kauli yao na kujibu, bila kusita, kwamba kovu libaki. Ombi la kung'arisha rangi ya ngozi nalikataa kwa heshima, nikimwonyesha mteja picha yake iliyowekewa mwanga sahihi, na kwa kawaida mazungumzo huishia hapo. Picha za pasipoti ziko nje ya habari hii yote: viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka sura ya mtu ilivyo, kwa hiyo nazikata kwa kipimo tu.

Siku za mahafali, mamia ya sura yanapopita mbele ya kamera katika mwanga uleule, utaratibu huu wa safu hauwezekani na sishauri mtu aujaribu. Siku hizo natengeneza picha moja kwa uangalifu ndani ya darktable, nanakili marekebisho yake kwa picha zilizobaki, napitia kila uso ili kurekebisha mwanga kwa wenye ngozi nyeusi zaidi au nyeupe zaidi, na GIMP naifungulia zile tu ambazo familia imeagiza zichapishwe kwa ukubwa wa kutundika.