Nokia 5800 XpressMusic: kwa muziki bado iko juu, kwa tachi utavumilia

Niseme mapema, kama unatafuta kitu cha kusikilizia nyimbo na hutaki kumwaga pesa, hii Nokia 5800 XpressMusic ya kugusa bado inaweza kazi sana, ila kama unataka tachi laini kama za simu za sasa hii siyo yako. Mimi niko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, yangu nilichukua yuzdi kwa shilingi elfu sabini za Uganda, inakaa na kazi moja tu ya muziki na redio, mambo ya WhatsApp na mobile money yako kwenye simu nyingine.

Sauti kwanza maana ndiyo sababu ya kuinunua. Spika ni mbili na zote ziko ubavu mmoja, moja karibu na juu moja karibu na chini, kwa hiyo ukiilaza simu unapata kushoto na kulia kabisa. Huku kwetu Kongo iko jirani na rumba inapigwa kila mahali, sasa weka wimbo wa rumba halafu ngoja wafike kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo magitaa yanatawala, gitaa la solo unalisikia liko upande wake, ridhimu upande wake, hazikanyagani. Simu nyingi za bei ndogo hapo zinapiga kelele tu, kila kitu kinakuwa fujo. Besi kwenye spika usitegemee, spika ndogo ni spika ndogo, lakini chomeka iyafoni na besi inakuja imejaa, na kwenye mipangilio kuna Bass Booster, mimi naiacha imezimwa kwa rumba na taarab kwa sababu inafunika waimbaji, naiwasha kwa dancehall tu.

Tundu la iyafoni ni lile la kawaida la milimita 3.5 na liko juu, unaingiza iyafoni yoyote ya sokoni. Kitu ninachokipenda kupita vyote ni ile rimoti ya waya iliyokuwa inakuja kwenye boksi, ina kibonye cha kusimamisha na kuruka wimbo, na yenyewe ina tundu lake la 3.5, yaani hulazimishwi kutumia iyafoni zao, unachomeka zako nzuri kwenye rimoti na simu inabaki mfukoni. Ukiwa kwenye basi la usiku kwenda Kampala, karibu kilomita 500 hizo, watu wamelala wamekuegemea, hutaki kuanza kuchokonoa mfuko kila wimbo ukiisha.

Na betri jamani. Ni BL-5J ya 1320 mAh, ukisoma namba hiyo leo unaona ndogo, lakini Nokia wenyewe waliandika saa 35 za muziki na kwa matumizi yangu, bila laini ndani, naamini. Sisi West Nile, eneo hili la Arua, miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tunajua maana ya simu inayokaa na chaji. Lakini angalia hapa, chaja yake ni ile ya pini nyembamba, kuna tundu la micro USB pia lakini hilo ni la kuhamisha nyimbo tu, HALICHAJI, kwa hiyo ukisafiri na chaja za siku hizi peke yake hiyo simu itakuzimikia. Na kama unabadilisha betri uwe makini, duka moja mjini waliniuzia feki ikavimba. Mwenye subira anapata nzuri kwa sababu betri hiyo hiyo ilitumika kwenye simu nyingine nyingi, hata Lumia 520.

Sasa tachi. Kioo ni inchi 3.2 na ni aina ya kubonyeza, kinasikia mgandamizo siyo umeme mdogo wa kidole kama simu za sasa, kwa hiyo ukucha unafanya kazi, kijiti kinafanya kazi, hata mkono uliofungwa kitambaa. Kijiti chake kinajificha kwenye mgongo wa simu, na walitoa pia kile kipande cha plastiki kama wanachotumia wapiga gitaa kucharaza nyuzi, unakining'iniza kwa kamba. Wazo zuri kwa simu ya muziki. Shida inakuja kwenye orodha ya nyimbo, ukigusa mara ya kwanza inachagua tu, unagusa tena ndiyo inafungua, halafu ukitoka hapo ukaenda menyu kuu mguso mmoja unatosha! Hiyo haikubaliki, mkono hauzoei. Memori kadi ikijaa nyimbo kushuka mpaka herufi W ni kazi, unavuta kale kamstari ka pembeni na kidole kinateleza.

Afadhali kuna kibonye kidogo cha kugusa pembeni juu ya kioo, ukikigusa kinashusha njia fupi ya muziki popote ulipo, na loki ni ya kusukuma ubavuni, haijifungui mfukoni.

Kamera 3.2 MP, ya kawaida. Redio ya FM ni safi ila lazima iyafoni iwe imechomekwa maana ndiyo antena. Intaneti sahau, ni Symbian, mfumo wa zamani wa simu za Nokia, WhatsApp waliiacha tangu 2017 na RAM ni 128 MB.

Ukiipata, kabla ya kulipa cheza wimbo wenye stereo ya wazi uhakikishe spika zote mbili zinalia, angalia kijiti kipo, bonyeza pembe zote nne za kioo. Kadi inapokea mpaka GB 16, ipeleke kwa wale vijana wa kuweka nyimbo na uwaambie wakuwekee faili nzito za kbps 320 (kbps kubwa ndiyo sauti safi), zile za 64 wanazoweka ili ziingie nyingi zinaharibu sauti ya spika nzuri bure.